Mchoreni Mama Ambaye Kijiji Kitamtambua

Kikundi kimoja cha kina mama kilichora bango la kufundisha kuchemsha maji ya kunywa. Lilikuwa na picha nne. Katika ya kwanza mama anateka maji mtoni, amefunga kitambaa kichwani. Ya pili yuko jikoni, kichwa wazi. Ya tatu amevaa sweta. Siku ya baraza mzee mmoja akauliza, "Sasa hawa wanawake, mwenye mtoto mgonjwa ni yupi?" Kumbe alikuwa mama mmoja tu! Na pesa za kuchapisha zilikuwa zimeshakwisha.

Mchoraji wao alikuwa na mkono mzuri. Kosa lake ni kwamba alianza kuchora hadithi kabla ya kumjua mtu wake. Wachoraji wengi wa katuni huanza na mhusika, hadithi baadaye.

Nendeni kisimani au sokoni na penseli, mkatazame. Mama aliyebeba mtungi husimamaje? Leso hufungwaje hapo kwenu? Kisha mchague alama mbili au tatu ambazo hazitabadilika: leso ya mistari, kiondo begani, mwili mnene. Zikizidi hapo mtachoka kuzirudia. Halafu mpakeni mhusika rangi nyeusi mwili mzima, abaki kama kivuli. Je, bado mnamjua? Kama kivuli cha mama na cha muuguzi ni sawa, badilisheni mmoja wao.

Sasa tengenezeni karatasi ya mfano. Mchoreni mhusika huyo kwa mbele, kwa ubavu na kwa nyuma, wote kwenye mstari mmoja, na mpige mistari ya rula kichwani, mabegani, kiunoni na magotini. Kipimo ni kichwa chake. Mtu mzima ana urefu wa vichwa saba hivi, lakini katuni nyingi humpa vinne au vitano ili uso uonekane kwa mbali. Mkichagua vitano, basi ni vitano katika kila picha. Chini yake choreni nyuso: furaha, hofu, hasira, uchovu. Nyusi na mdomo ndizo zinazosema zaidi. Karatasi hii ibandikwe ukutani kila mnapochora.

Wengine wanamkumbuka Sara, yule msichana wa katuni za UNICEF mwenye tumbili aitwaye Zingo. Filamu yake ya kwanza, ya mwaka 1996, ilihusu Sara kutaka kubaki shuleni. Kabla ya hapo watengenezaji walizungusha michoro katika nchi kadhaa za Mashariki na Kusini mwa Afrika, wakiuliza watu kama msichana huyu anafanana na wa kwao. Kama UNICEF waliuliza, sisi ni nani tusiulize?

Kompyuta inakuja hapa, si mwanzoni. Pigeni mchoro picha kwa simu mahali penye mwanga wa mchana, simu ikiwa sawasawa juu ya karatasi, au mpeleke saiba uskaniwe kwa nukta 300 kwa kila inchi. Krita na GIMP ni programu za bure. Ndani yake kuna matabaka, mfano wa karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine: mistari juu, rangi chini. Ukikosea rangi, mistari haiguswi. Unaweza pia kunakili mhusika mzima, lakini angalieni, uso ule ule ukirudiwa kila picha mama anakuwa sanamu. Na kama bango litatolewa fotokopi, litazameni kwanza bila rangi, kwa sababu nyekundu na kijani zinaweza kutoka kijivu kimoja.

Kabla ya kulipa, waonyesheni watu wasio wa kikundi. Msieleze kitu. Ulizeni tu, "Huyu ni nani? Anafanya nini?" halafu mnyamaze.

Kina mama wale walirudia kazi, safari hii leso ya mistari katika picha zote nne. Mzee yule yule alipoonyeshwa hakuuliza tena mama ni yupi. Aliuliza mbona mtungi wa maji yaliyochemshwa hauna kifuniko. Wakauchora kifuniko.