Kilomita Elfu Moja kwa Mwaka: Mkimbiaji na Daftari Lake

Muharram inapoingia, kama ilivyo Januari inapoanza, wengi wetu hujiwekea ahadi ya kufanya mazoezi, na nyingi ya ahadi hizo hazifiki mwezi wa tatu. Sisi tunaokimbia kwa ajili ya afya na burudani tu, si kwa kutafuta medali, tumeona kuwa kinachoziua si uvivu peke yake. Ziliwekwa bila hesabu. Mtu husema mwaka huu atakimbia sana, na hiyo "sana" haina kipimo.

Kukimbia si jambo geni katika dini yetu. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) akamshinda, baadaye, alipokuwa amenenepa, wakashindana tena, na safari hiyo Mtume akawa mshindi, akaihesabu kuwa ni malipo ya ile ya kwanza. Tunawakumbusha waume hadithi hii, kwani wapo wanaodhani raba ni za vijana wa kiume tu.

Kikundi chetu cha mchakamchaka wa baada ya swala ya Alfajiri kilianza tulipomzika mwenzetu wa safu ya mbele, mtu asiyetimiza miaka hamsini, aliyefariki kwa kiharusi. Hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe, kwamba alikuwa na shinikizo la damu. Aliacha mjane na watoto wanne. Tulikubaliana mambo mawili: kila mmoja apimwe zahanati kabla ya kuanza, na kila mmoja awe na lengo la mwaka lililoandikwa.

Wengi walichagua kilomita 1,000. Ikitajwa nzima idadi hiyo inatisha, lakini ikigawanywa kwa majuma 52 haifiki kilomita 20 kwa juma. Hesabu hiyo, hata hivyo, haikuiachia Ramadhani nafasi. Tukiondoa majuma manne yanabaki 48. Kwa kilomita 21 kila juma tunapata 1,008, yaani safari tatu za kilomita saba. Anayeanza huweka 500, wala heshima yake haipungui. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, na matembezi ya haraka yanatosha kuzitimiza.

Ndani ya Ramadhani lengo letu ni sifuri. Anayejisikia hutembea taratibu kabla ya futari, na alichopata huwa ziada. Anayetamani mbio za Kilimanjaro pale Moshi, ambazo hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, aitazame kalenda mapema: Ramadhani hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka wa miladi, na miaka hii imekuwa ikiangukia miezi hiyo hiyo. Kuikimbia nusu marathoni mtu akiwa amefunga, katika joto la nchi yetu, hatukushauri.

Daftari la shule latosha. Lina safu nne: tarehe, umbali, muda, na hali ya mwili. Simu hupima tatu za kwanza. Ya nne huandikwa na mwenyewe, nayo ndiyo yenye faida kubwa. Ukikuta umeandika "goti la kulia" mara tatu katika juma moja, pumzika. Mwezi unapoandama tunafanya muhasaba. Aliyepungukiwa na kilomita 30 hazilipi kwa pupa. Huzigawa kumi kumi kwa miezi mitatu, maana anayezikimbilia zote kwa mara moja huishia kuchechemea.

Vijana walitaka majedwali yabandikwe kwenye ubao wa msikiti. Palizuka mjadala mrefu (mrefu kuliko ule wa kununua tangi la maji), wazee wakiogopa riyaa. Ikaamuliwa kila mtu amwoneshe daftari lake mwenzake mmoja tu. Vijana wangali wananung'unika, lakini tunaona uamuzi ule ulikuwa sahihi.

Manung'uniko mengine yalitoka majumbani, na hayo yalikuwa ya haki. Safari ndefu ya Jumamosi ilikuwa ikiisha saa tatu asubuhi, wakati mama ameshahangaika na watoto na sokoni peke yake. Sasa inaisha saa moja na nusu. Akina mama nao wakadai siku yao, wakapewa Jumapili, na waume hubaki na watoto.

Mjane wa marehemu ni mmoja wao. Lengo lake ni kilomita 400, kwa kutembea, na Rajab ilipoisha daftari lake lilikuwa na 236. Zimebaki 164. Ameiruka Ramadhani, akazigawa kwa Shaaban, Shawwal, Dhul-Qaada na Dhul-Hijja: 41 kila mwezi. Jumapili iliyopita alitembea sita.