Permi ya kuwinda swala: tujiandae mbele ya musimu



Musimu uliopita, kwenye njia ya kutoka Nyangwe kwenda Kasongo, nilikutana na baba mmoja amekaa chini ya muembe, kinga yake kando, kikapo kitupu. Alikuwa ameua pongo wawili. Kwenye bariere walimuomba permi, akatoa karatasi. Kumbe karatasi ilikuwa ya shemeji yake. Nyama ikakamatwa, bunduki ikakamatwa, na pesa ya faini ikatoka kwenye akiba ya kununua mbegu za karanga. Ile saa watu wengi walisema: « Ni bahati mbaya. » Mimi nasema hapana. Ni jambo ambalo karatasi moja, iliyoombwa kwa wakati wake, ingelizuia.

Kuko permi gani?

Sheria ya uwindaji katika inchi yetu ni namba 82-002 ya tarehe 28/5/1982. Arete ya waziri wa Mazingira ya 29/4/2004 inaeleza namna ya kuitumika. Kwa sisi watu wa vijiji, mbili ndizo zinatuhusu zaidi. Ya kwanza ni permi ya uwindaji ya vijijini, ambayo mtu anachukua kwa jina lake. Haikopeshwi, haiuzwi, hata kwa ndugu wa damu. Ya pili ni permi ya pamoja: inachukuliwa kwa jina la kijiji, chini ya ulinzi wa chefu, kwa wakaaji wenye kuwinda na silaha za asili katika mipaka yao.

Tusichanganye permi ya kuwinda na ruhusa ya kuwa na bunduki. Ni karatasi mbili. Mwenye kalibri 12 anapaswa kuwa na zote mbili. Silaha ya vita haina permi yoyote ya kuwinda.

Wanyama gani?

Sheria imegawa wanyama. Kuko wenye kulindwa kabisa, sawa vile tembo, sokomutu, okapi na pangolini mukubwa: hao permi ya kijiji haiwagusi. Kuko wenye kulindwa nusu: hao hawindwi pasipo permi, na kwa hesabu ndogo. Kisha kuko wengine. Kwa hiyo, mbele ya kuomba, muulize orodha na muonyeshe mnyama kwa jina lake la hapa kwetu, juu neno « swala » peke yake halitoshi. Mboloko, pongo na nzohe si mnyama mmoja.

Juu ya nini hesabu inapimwa?

Tulinganishe na mbuzi wetu. Mbuzi anabeba mimba miezi mitano, na mara nyingi anazaa mapacha. Pongo anabeba karibu miezi sita, anazaa mtoto mmoja. Nzohe, ule wa potopoto mwenye kwato ndefu, anabeba miezi saba mpaka nane, naye anazaa mmoja tu. Kijiji kikiua jike kumi kwa musimu, hakuna zizi la kuyarudisha. Ndiyo sababu kuko pia wakati wa kufunga uwindaji: ile siku uwindaji unafungwa, hata mwenye permi anapumzisha bunduki. Na wakati wowote, kuwinda usiku na taa, kuzungusha moto porini ao kutumia sumu ni makosa.

Namna ya kuomba

1. Anza mapema, mbele tarehe ya kufungua haijatangazwa. Ukingoja, utakuta wengine wamekutangulia.
2. Enda kwa chefu wa lokalite, akutambue kama mukaaji.
3. Peleka karatasi zako (karti ya muchaguzi, na ruhusa ya bunduki kama uko nayo) kwa ofisi ya Mazingira ya teritware. Uliza bei iliyoandikwa.
4. Lipa na chukua kitansi. Pesa bila kitansi si kodi. Ni zawadi, na haitakusaidia kwenye bariere.
5. Soma permi mbele ya kutoka ofisini: jina, mnyama, hesabu, eneo, tarehe ya mwisho. Kosa likiwemo, lirekebishwe pale pale.

Wale wa Kabambare, muangalie: upande wa Luama kuko eneo la uwindaji lenye kulindwa. Musiingie mule kwa kusema « niko na permi » bila kuuliza kwanza watu wa ICCN.

Hesabu ndogo, watu wengi

Hapa ndipo ugomvi unaanza. Permi ya kijiji inaruhusu wanyama wachache, na kila jamaa inataka. Tusifikiri ni shida yetu peke yetu. Kule Marekani, katika jimbo la Wyoming, permi nyingi za kuwinda pronghorn, mnyama anayefanana na swala, zinatolewa kwa kura. Mgeni wa jimbo anayekosa anaweza kupata pointi, na pointi hizo zinamsogeza mbele miaka inayofuata.

Sisi pia tunaweza kupiga kura ya namna hiyo katika mkutano wa kijiji, mbele ya wote: majina kwenye vikaratasi, vikaratasi ndani ya kofia, mtoto anachota. Aliyekosa anaandikwa kwenye daftari, na mwaka ujao jina lake linaingia mara mbili. Katibu anaandika pia kila mnyama aliyeuliwa, siku na mahali. Hesabu ikitimia, tunaacha. Daftari hiyo muionyeshe ofisini mukirudi kuomba tena: itasema kwa niaba yenu kuliko maneno mengi.

Na kama nyama za pori zinakula mashamba yenu, musitege kwa hasira. Pelekeni habari kwa chefu na kwa ofisi ya Mazingira, na hesabu ya mistari iliyoharibiwa.

Baba yule wa chini ya muembe aliniuliza: « Karatasi yangu mwenyewe ingeliniomba siku ngapi? » Siku za kwenda Kasongo na kurudi. Karanga zake, yeye alizingoja mwaka muzima.