Kitufe cha "OFF" kwenye pikapu yako: lini ukibonyeze, lini ukiache

Leo naomba tuache kidogo mbegu na viuatilifu, tuongelee chombo kinachobeba mazao yenu. Kila msimu naona vijana wawili watatu wanaachana na kukodi gari, wananunua pikapu yao wenyewe. Hongereni sana. Lakini nikiwauliza kile kitufe chenye picha ya gari na mistari ya matairi iliyojipinda ni cha nini, wengi wananijibu, "Sijui bwana shamba, mimi sikigusi." Wachache wanasema, "Hicho nakizima kabisa, kinakula nguvu ya gari."

Siwacheki. Mimi mwenyewe nilijifunza kazi ya kitufe hicho kwa kulipa.

Ilikuwa msimu wa mvua, huku kwetu ukanda wa Ilula. Kijana mmoja ninayemhudumia alikuwa amekosa gari, nyanya zimeiva na haziwezi kusubiri. Nikamwambia tupakie kwenye pikapu yangu, nami nina safari ya Iringa mjini. Tukapakia matenga 18. Kutoka shambani tukakwama kwenye tope. Nikibonyeza mafuta, injini inanywea, gari halisogei. Nikakumbuka kile kitufe, nikakishikilia mpaka taa ya "OFF" ikawaka. Matairi yakazunguka, tope likaruka, tukatoka. Tukashangilia.

Kosa langu lilianzia hapo. Sikuzima injini, sikurudisha kitufe. Tukaingia lami, mvua inanyunya, matairi bado yamejaa tope kwenye meno yake. Kona ya kwanza tu, nikakanyaga mafuta kidogo ili nipande kilima, mkia wa gari ukaondoka. Tulizunguka nusu, tukaishia kwenye mtaro. Sisi tulitoka salama, namshukuru Mungu, na upande wa pili hakukuwa na lori linalokuja. Lakini matenga 7 yaligeuka rojo. Zile nyanya ndizo zilikuwa pesa ya mbolea ya yule kijana. Nililipa kwa awamu, na haki yake nilimpa.

Basi leo nawaeleza nilichopaswa kukijua siku ile.

Mfumo huu unafanya nini hasa

Tuuite traksheni, kama mafundi wengi wanavyouita. Kwenye kila tairi kuna sensa inayopima linazunguka kwa kasi gani. Ukikanyaga mafuta na tairi moja linalosukuma gari likaanza kuzunguka haraka kuliko mengine, kompyuta inajua kwamba hilo limepoteza mshiko. Hapo inafanya jambo moja kati ya mawili, au yote kwa pamoja: inapunguza nguvu ya injini, au inalifunga breki lile tairi peke yake.

Kwa nini ilifunge breki? Kwa sababu ya difu. Difu ya kawaida inagawa msukumo sawa kwa matairi yote mawili. Tairi moja likiwa kwenye utelezi halihitaji nguvu nyingi kuzunguka, na mwenzake aliyeko pakavu anapata kiasi kile kile kidogo. Ndiyo maana unaona gari limekwama, tairi moja linazunguka bure na jingine limetulia kama halihusiki. Breki ikilibana lile linaloteleza, msukumo unaongezeka kwa mwenzake, gari linasogea.

Usiichanganye na ndugu zake wawili. ABS inafanya kazi unapofunga breki: inazuia matairi yasijifunge kabisa, ili bado uweze kukata kona. Traksheni inafanya kazi unapokanyaga mafuta. Wa tatu ni mfumo wa uthabiti, ambao Toyota huuita VSC na wengine wengi huuita ESC. Huyu anaangalia unakata usukani kwenda wapi na gari linaelekea wapi kweli. Vikitofautiana, anafunga breki ya tairi moja moja kulirudisha gari kwenye mstari. ABS ya kisasa iliingia kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1978, na mfumo wa uthabiti ukafuata mwaka 1995. Wote watatu wanatumia sensa zile zile za matairi, kwa hiyo mmoja akiumwa mara nyingi na wenzake wanalala.

Barabarani kila siku: iache imewashwa

Jibu fupi ni hilo. Kwenye lami, kwenye changarawe, mjini, kwenye foleni, ukiwa na mzigo au mtupu, iache ON. Hali hizi nne ndizo utamshukuru zaidi:

1. Pikapu tupu kwenye mvua. Umeshusha mzigo sokoni, unarudi mwepesi. Pikapu nyingi zikiwa kwenye H2 zinasukumwa na matairi ya nyuma, na nyuma sasa hakuna uzito. Unaondoka kwenye taa au unazunguka kiplefti, ukikanyaga mafuta kwa pupa mkia unacheza.

2. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Vumbi, mafuta ya magari na vipande vya mpira vimelala kwenye lami kwa miezi. Manyunyu ya kwanza yanavichanganya kuwa utelezi. Dakika zile za mwanzo ni mbaya kuliko mvua kubwa iliyokwisha kuosha barabara.

3. Kutoka vumbi kuingia lami. Tope lililoganda kwenye meno ya tairi linalifanya liwe kama kipara. Nenda taratibu mita mia kadhaa za mwanzo mpaka tope litoke. Mimi niliponzwa na hapa.

4. Kupanda kilima chenye changarawe legelege ukiwa na mzigo. Mzigo ukiwa nyuma sana, mbele kunakuwa kwepesi na usukani unakuwa mzito kutii. Traksheni itakusaidia kidogo, lakini dawa hasa ni kupanga mzigo: vizito chini, na uzito mwingi uwe mbele ya ekseli ya nyuma au juu yake, si kuning'inia nyuma ya bodi.

Kuhusu lile neno la "kinakula nguvu": ni kweli traksheni inapunguza nguvu, lakini pale tu tairi linapoteleza. Ukiwa unakwenda vizuri kwenye lami kavu imekaa kimya. Kuizima hakukuongezei mwendo wala hakupunguzi mafuta.

Na kama gari lako lina swichi ya ECO au Sport, hiyo kwa kawaida inabadilisha namna mguu wako unavyosikilizwa na injini. ECO inalainisha, na kwenye mvua inasaidia watu wenye mguu mzito. Sport inafanya gari lijibu haraka. Siku ya utelezi iache.

Lini uzime

Zima pale tu unapokwama au unapokaribia kukwama kwenye tope zito au mchanga mwingi, mwendo ni mdogo, na hakuna gari jingine karibu. Pale unahitaji matairi yazunguke kidogo ili yatupe tope nje ya meno yake, na unahitaji kasi isiyokatika. Traksheni haijui unataka hivyo, inaona matairi yanateleza tu, inakata nguvu. Ndiyo ule mnyweo wa injini nilioupata.

Kwenye magari mengi ukibonyeza mara moja unazima traksheni peke yake. Ukishikilia sekunde kadhaa gari likiwa limesimama, unazima na mfumo wa uthabiti pia. Mimi nilishikilia, nikazima vyote bila kujua. Magari mengi ukizima injini na kuwasha tena, mifumo inarudi yenyewe. Lakini mkulima anayetoka tope hazimi injini, anakimbilia soko.

Kwa hiyo jiwekee kanuni: pale vumbi linapoishia na lami inapoanza, simama. Angalia dashibodi, angalia kamba za mzigo, angalia matairi. Dakika moja inatosha.

Kwa kuwa magari yetu mengi ni ya mkononi kutoka Japani, huenda kitabu chake kimeandikwa Kijapani. Usikitupe. Piga picha ukurasa wenye alama hiyo, pitisha kwenye programu ya kutafsiri ya simu, utapata maelekezo ya gari lako lenyewe. Kila modeli ina yake.

Usichanganye na H4 wala loki ya difu

Hapa ndipo watu wanaharibu magari. Pikapu nyingi za kazi zina 4x4 ya kuchagua: H2, H4 na L4. Ukiweka H4, matairi ya mbele na ya nyuma yanafungwa yazunguke pamoja. Kwenye kona ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope hiyo tofauti inamalizwa na kuteleza kidogo. Kwenye lami kavu hakuna pa kutelezea, kwa hiyo mkazo unakwenda kwenye shafti na gia. Utasikia usukani mzito, gari linagoma kwenye kona kama limefungwa breki. Matairi yanalika, na bili ya fundi inakusubiri.

Lami kavu ni H2. H4 ni ya tope, mchanga na changarawe yenye utelezi. L4 ni ya mwendo wa kutambaa, na magari mengi yakiwa L4 yanazima mifumo mingine yenyewe. Loki ya difu ni ya kujinasua mwendo mdogo, umenyoosha usukani, ukishatoka, itoe. Tofauti ni kwa magari yenye 4x4 ya wakati wote na difu ya katikati, kama Prado nyingi: hayo yameundwa kutembea hivyo hata lami, mradi difu ya katikati haijafungwa.

Soma taa za dashibodi

Taa ya gari lenye mistari ikimwekamweka kisha ikazimika: mfumo umefanya kazi, barabara inateleza. Hiyo ni salamu, punguza mguu.

Ikiwaka moja kwa moja na neno OFF: umezima mwenyewe, au umeegemeza kitu kwenye kitufe.

Ikiwaka moja kwa moja bila wewe kugusa, hasa pamoja na ya ABS: kuna hitilafu. Mara nyingi ni sensa ya tairi iliyojaa tope, au waya wake umekatwa na kisiki. Osha sehemu za ndani za matairi, taa ikibaki nenda kwa fundi mwenye mashine ya kusoma makosa. Breki za kawaida bado zipo, lakini endesha ukijua msaidizi wako hayupo. Na taa nyekundu ya breki ikiwaka huku umeshatoa hendibreki, simamisha gari, hiyo si ya kusubiri.

Jambo jingine: traksheni ikitumika sana kwenye tope breki zinapata moto, na baadhi ya magari huipumzisha kwa muda. Usishangae, pumzika na wewe.

Isichoweza

Traksheni haitengenezi mshiko. Mshiko unatoka kwenye tairi. Tairi kipara halitasaidiwa na kompyuta yoyote. Nchi nyingi zinataka meno yasipungue milimita 1.6, lakini kwa barabara zetu za mvua mimi nabadilisha mapema. Usichanganye saizi pia, maana tairi dogo linazunguka haraka kuliko wenzake na sensa zinadanganyika.

Haifupishi umbali wa kusimama. Mwendo ukiongezeka mara 2, umbali wa breki unaongezeka kama mara 4. Ongeza mzigo na maji juu ya lami, uone.

Na kwa wanaoteremsha mazao Dar: kushuka Kitonga traksheni haina kazi, kwa sababu hukanyagi mafuta. Pale ni gia ndogo tangu juu na kulinda breki zisichemke. Usiende kwa kuamini kitufe.

Wenye pikapu za zamani zisizo na mfumo huu, msijione wanyonge. Traksheni yenu ni mguu wenu: kwenye utelezi ondoka na gia ya pili, kanyaga kwa upole, kwenye kona punguza kabla ya kuingia na usiongeze mpaka usukani umenyooka.

Kabla ya safari ijayo ya soko, kaa ndani ya gari lako limesimama, tafuta kitufe hicho, kibonyeze, uone taa gani inawaka, kisha kirudishe. Fanya hivyo na dereva wako pia, kama si wewe unayeendesha. Ulichohangaika nacho miezi mitatu shambani kisiishie mtaroni kwa sababu ya taa ndogo ambayo hakuna aliyeiangalia.

Tuonane shambani.