Nshomile si Jina la Ugonjwa

Kashai, kama kwingineko Bukoba na Muleba, neno nshomile halihitaji mkalimani. Kwa Kihaya maana yake ni "nimesoma", lakini Watanzania wengi wamelifanya jina la utani la Mhaya anayejisifia shahada, nyumba na Kiingereza chake. Sasa maneno ya saikolojia yamezoeleka midomoni mwa watu, na ni rahisi utani huo ukageuzwa hukumu ya kitabibu: anayejisifu anaambiwa ana ugonjwa wa haiba ya kujitukuza. Nadhani hilo ni kosa, na linaumiza pande mbili. Linamwita mgonjwa mtu mzima wa afya, na linamficha mgonjwa halisi katikati ya kicheko.

Fahari ya huku ina historia yake. Wamisionari wa White Fathers walifika Kashozi mwaka 1892, shule zikafuata, kahawa ikalipa ada, na mwaka 1960 Laurean Rugambwa akawa kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi. Hata kabla ya darasa, Wahaya walikuwa na majigambo, ebyebugo, ambayo shujaa aliyatamka mbele ya watu. Majigambo yana hadhira, yana wakati wake na yana mwisho: msemaji akimaliza, anampisha mwingine. Ndani ya sifa hizo mna ukoo wake na mtawala aliyemtumikia. Hajisifu peke yake.

Ugonjwa ni kitu kingine. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, ulioutaja kwa mara ya kwanza mwaka 1980, unaorodhesha dalili tisa na kutaka angalau tano, zilizoanza mapema katika utu uzima na kuonekana karibu kila upande wa maisha: kiu ya kusifiwa, kuamini kwamba unastahili kutendewa tofauti na wengine, kuwatumia watu kwa faida yako, husuda, kutojali maumivu ya mwenzako. Shahada haimo. Nyumba haimo. Na chini ya majivuno hayo mara nyingi kuna thamani ya nafsi iliyo dhaifu sana, kiasi kwamba neno dogo la kukosoa huzaa ghadhabu au aibu isiyobebeka. Utafiti uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2015, kwa watoto wa miaka 7 hadi 11, ulionyesha kuwa wazazi walioamini mtoto wao ni bora kuliko wenzake walifuatiwa na watoto wenye kujitukuza zaidi, ilhali upendo wa kawaida wa mzazi ulifuatiwa na kujiamini kwa afya. Kwa hiyo mzazi wa Kashai anayefurahia matokeo ya mwanawe hajapanda ugonjwa. Jambo la kuchunga ni mtoto kufundishwa kwamba wenzake hawana thamani.

Wapo watakaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu, tuachane nao. Lakini mwongozo uleule unataka tabia iwe imekengeuka waziwazi kutoka kwenye matarajio ya utamaduni wa mhusika. Kipimo cha Mhaya basi kinaanzia kwa Wahaya. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, halina jina la pekee la ugonjwa huu. Linapima zaidi ukali wa tatizo la haiba na madhara yake. Pingamizi lililo zito kwangu ni la upande wa pili: je, mila haiwezi kuwa blanketi la kumfunika mkatili? Inaweza. Mke anadhalilishwa kila jioni, watoto wananyamaza baba akiingia, majirani wanasema, "Huyo ni nshomile tu." Ndiyo maana sauti ya kujisifu barazani si ushahidi wa kutosha, ushahidi uko kwa wanaoishi naye. Na kuuita ukatili huo ugonjwa hakumfutii mtu hatia ya kipigo wala matusi.

Mwenye ugonjwa huu ni nadra kwenda kwa daktari kulalamikia majivuno. Huenda baada ya kupoteza kazi au ndoa, akiwa na sonona. Hakuna dawa iliyothibitika kutibu haiba yenyewe. Kinachotumika ni tiba ya mazungumzo, tena ya muda mrefu, na wengi huikatiza mara tu wanapohisi wamekosolewa. Mhudumu wa afya anayempokea kwa ajili ya sonona anaweza kuanzia hapo, bila kumbandika jina lolote, na kuuliza mapema nani yuko nyumbani na hali yao ikoje.