Mlaji Ana Haki ya Kujua Alacho

Bei kubwa si dhamana ya chakula kizuri. Juzi nililipa shilingi 4,000 katika mkahawa mmoja wa Kichina mtaani Hurlingham, magharibi ya jiji la Nairobi. Wali ulikuwa umepoa, na nyama ya bata imekauka kama kuni. Lililonikera zaidi ni orodha ya vyakula, iliyoandikwa kwa Kichina na Kiingereza tu. Nilipomwuliza mhudumu mchuzi ule ulitiwa nini, alikiri kwamba hakuwahi kuelezwa. Kule River Road, mlaji husoma "wali maharagwe" ubaoni, akajua atakacholetewa.

Wapo wadaio kwamba Kiswahili hakina maneno ya mapishi ya kigeni. Dai hilo halina msingi. Neno "chai" lenyewe asili yake ni Kichina, nasi twalitumia kibandani hata ikulu.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayomfaa. Basi, walimu na wanafunzi, tuidai orodha ya Kiswahili kabla ya kuagiza chakula.