Kabule za pikipiki nazo zinaomba mafuta

Kabule ya ambreyaje haikatiki siku moja. Kwanza inakuwa nguvu kuvuta, mukono unachoka, na sisi tunasema ni pikipiki ya zamani tu. Kumbe vumbi na maji ya mvua vimeingia ndani ya ganda lake, kutu inakula nyuzi moja moja. Halafu inakatika kwenye mulima, na magunia ya kahawa yako nyuma.

Dawa ni mafuta mapya ya motere. Fungua kabule upande wa gidoni na uisimamishe. Kata pembe ya sashe, ifunge kwa kamba kwenye mudomo wa kabule kama faneli, mimina kidogo kidogo. Vuta uzi na kuurudisha mpaka mafuta yatokee chini. Yakitoka meusi, endelea mpaka yawe safi. Mawese hapana: huku Lubero, kwa baridi, yanaganda.

Fanya hivyo kila mwezi. Wakati wa mvua, mara mbili.

Kabule ya gazi pia. Ukiachilia gazi, lazima irudi yenyewe, hata ukigeuza gidoni kushoto na kuume. Isiporudi, usiondoke. Na nyuzi zikianza kuchanuka, mafuta hayasaidii tena, nunua kabule mpya.