Chakula cha Mitetea Kabla ya Kutaga

Wafugaji wa Bariadi, fahamuni kwamba mtetea ambaye hajataga bado hujenga mwili, na mtama peke yake haumtoshi. Changanyeni vibaba 7 vya mtama au mahindi yaliyoparazwa, 2 vya mashudu ya alizeti, na 1 cha dagaa wa Ziwa Viktoria waliokaushwa pasipo chumvi na kutwangwa. Mashudu ya pamba, ingawa ni mengi kwetu, yana sumu iitwayo gosipoli, yaacheni.

Maganda ya konokono wa ziwani msiwape mapema, maana chokaa ikizidi huharibu mafigo ya kuku mchanga. Yai la kwanza lionekanapo, ndipo muyaponde na kuyaweka katika chombo cha peke yake, kila atagaye ale kadiri ya haja yake. Maji safi yasikose kutwa.